Chumvi na Mafuta ya Ziwa Mwitanzige

Siku moja tulipokuwa tukifundisha habari za nchi jirani, mtoto mmoja wa hapa kwetu Mugeta alisimama akauliza: "Mwalimu, mmesema Uganda yana mafuta chini ya ardhi, na Uganda si mbali nasi. Mbona dukani bei yake haipungui?" Wenziwe wakacheka, lakini sisi hatukucheka, maana swali lilikuwa la haki, na jibu tulilompa siku ile lilikuwa fupi mno. Kwa hiyo tumeona yafaa tuandike habari hizi kwa utaratibu, ili mtoto yule apate jibu lake, na wazazi wake nao wapate la kuzungumza jioni.

Kwanza na tufuate maji. Mito yetu ya Mara na Grumeti humwaga maji yake katika Nyanza, ziwa liitwalo Viktoria. Maji ya Nyanza hutoka kwa mlango mmoja tu, huko Jinja katika Uganda, nao ndio mwanzo wa mto Naili kuliacha ziwa. Mto huo hupita katika Ziwa Kyoga, ukaenda mbio magharibi, ukajibana katika mwamba na kuanguka kwa kishindo mahali paitwapo Murchison Falls, kisha ukatulia na kuingia ncha ya kaskazini ya ziwa jingine. Ziwa hilo Wanyoro huliita Mwitanzige, maana yake mwua nzige, na katika ramani limeandikwa Albert. Basi tone la mvua liangukalo katika mashamba yetu, lisipokauka njiani, laweza kufika kule. Sisi na watu wa Mwitanzige tu watu wa mto mmoja.

Ziwa lenyewe ni refu na jembamba. Urefu wake ni kama kilomita 160, na upana wake kama 30. Nyanza iko juu, zaidi ya mita 1,130 kupita bahari. Mwitanzige iko chini, kama mita 619 tu, nayo imelala katika Bonde la Ufa la magharibi kama maji katika mtumbwi. Upande wa mashariki, ulio wa Uganda, unasimama ukuta wa mawe na majani makavu. Upande wa magharibi, ulio wa Kongo, inapanda milima mirefu ambayo kwa mbali huonekana buluu. Chini pwani ya ziwa joto ni kali na mvua ni chache. Kusini huingia mto Semliki, uletao maji ya milima ya Ruwenzori. Mipaka ya dola hupita katikati ya maji, lakini watu hawakugawanyika hivyo: Wanyoro na Wagungu wako upande wa mashariki, Wahema na Walendu upande wa magharibi, na Waalur wako pande zote mbili, ndugu kwa ndugu.

Sasa mafuta yalipataje kuwa hapo? Wenye elimu ya mawe hutuambia kwamba bonde hili limekuwa likididimia kwa mamilioni ya miaka, na kila lilipodidimia mito ilileta tope na mchanga kulijaza. Mimea na viumbe vidogo vya maji vilivyokufa vilifunikwa na tope hilo, tabaka juu ya tabaka, hata vikawa chini sana kwenye joto na uzito mwingi. Huko vikageuka kuwa mafuta. Mafuta ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo hupanda polepole katika mchanga na nyufa mpaka yazuiwe na udongo mgumu. Na mahali yasipozuiwa hutokea juu, yakachuruzika meusi katika mawe. Watu wa pwani ya Mwitanzige waliyaona machuruziko hayo tangu zamani. Hakuna aliyewafundisha kwamba yapo. Ila hawakuwa na haja nayo, maana walikuwa na mali nyingine iliyo bora zaidi machoni pao, yaani chumvi.

Katika pwani ya mashariki, chini ya ukuta wa mawe, kiko kijiji kiitwacho Kibiro. Hapo pana chemchemi za maji moto, na ardhi yake ina unyevu wa chumvi upandao toka chini. Kazi ya chumvi ni ya wanawake. Kila mmoja ana kiwanja chake, na mama humwachia binti. Hutandaza udongo mkavu juu ya kiwanja. Jua likiwaka, udongo hunyonya ule unyevu, na maji yakikauka chumvi hubaki ndani yake. Kisha huukwangua na kuukusanya, huutia katika chungu chenye matundu chini, na kumimina maji juu yake. Maji yachuruzikayo huyachemsha jikoni hata yakauke, ikabaki chumvi nyeupe. Na udongo uliokwisha kuchujwa hautupwi. Hurudishwa kiwanjani, ukatandazwa tena kesho. Wachimbuzi wa mambo ya kale waliopima majivu na vigae vya Kibiro wameona kwamba kazi hii imefanyika hapo kwa miaka isiyopungua 700. Kilimo cha Kibiro ni haba sana; lakini kwa chumvi wanawake wale walipata chakula, vyungu na kuni, na mizigo yao ilipandishwa genge na kuuzwa katika Unyoro yote na kupita mipaka yake.

Tunataka msomaji aikumbuke chumvi hii, kwa kuwa tutairudia mwishoni.

Unyoro ilikuwa dola yenye nguvu. Mfalme wake Kabarega, aliyetawala tangu karibu mwaka 1870, alipata bunduki kwa pembe za ndovu, akauziana na wafanya biashara waliotoka Khartoum kwa upande wa kaskazini, na wale wa Unguja waliokuja kwa njia ya Tabora. Kabla yake, katika Machi 1864, Mwingereza Samuel Baker na mkewe Florence walikuwa wamefika kando ya ziwa wakiwa wagonjwa na wachovu. Baker akaliita Albert, kwa jina la mume wa malkia wa Uingereza aliyekuwa amefariki mwaka 1861. Hivyo ziwa lililokuwa na jina lake kwa karne nyingi likapewa jina la mtu ambaye hakuliona kamwe. Mwaka 1872 Baker alirudi na askari wa serikali ya Misri, akatangaza kule Masindi kwamba Unyoro imekuwa ya Misri. Kabarega hakukubali, vita vikatokea, na Baker akalazimika kukimbia. Baadaye Emin Pasha, liwali wa Misri katika nchi za Naili ya juu, alikuwa na meli mbili za moshi katika ziwa, Khedive na Nyanza, na ni hapo kando ya Mwitanzige Stanley alipokutana naye mwaka 1888.

Waingereza walipokwisha kushika Buganda, wakaingia Unyoro kwa vita mwaka 1893. Kabarega akapigana kwa miaka sita akihama huku na huku, hata mwaka 1899 alipokamatwa pamoja na Mwanga wa Buganda, wakapelekwa uhamishoni, naye akafungwa katika visiwa vya Shelisheli. Aliruhusiwa kurudi mwaka 1923, akiwa mzee; lakini alifia Jinja, asifike kwao. Wilaya zilizokuwa za Unyoro wakapewa Waganda, na jambo hilo likaacha uchungu uliodumu mpaka kura ya mwaka 1964, ambayo kwayo Buyaga na Bugangaizi zilirudi. Nao Waingereza na Wabelgiji walipokwisha kugawana, mpaka ukapita katikati ya ziwa na kufuata mto Semliki. Lakini mto si ukuta. Semliki hubadili njia yake mafuriko yajapo, na kila ubadilipo watu huulizana ardhi hii sasa ni ya nani. Swali hilo, kama tutakavyoona, lilikuwa likingojea siku yake.

Zamani za Waingereza ziwa lilikuwa njia kuu ya biashara. Mizigo ilitoka Mombasa kwa gari la moshi hata Kisumu, ikavuka Nyanza kwa meli hata Jinja, ikapanda gari la moshi tena mpaka Namasagali, ikavuka Kyoga kwa meli hata Masindi Port, na toka hapo ikaenda kwa motokaa mpaka bandari ya Butiaba. Butiaba palikuwa na gati, maghala na karakana ya meli. Toka hapo meli zilikwenda Kongo na kaskazini kwa Naili. Mji ulistawi. Walakini mvua kubwa za miaka ya 1961 na 1962 ziliinua maji ya maziwa yote, bandari ikafurika, na biashara ile haikuinuka tena. Hivi ndivyo mji unavyoweza kukaa juu ya kazi moja tu, na kazi hiyo ikiondoka mji ukabaki kijiji.

Habari ya mafuta yenyewe ilianza kuandikwa na mjuzi wa mawe wa serikali ya Uganda, E. J. Wayland, ambaye mwaka 1925 alichapisha kitabu juu ya machuruziko ya mafuta katika nchi ile. Mwaka 1938 kisima kirefu kilichimbwa karibu na Butiaba, nacho kilionyesha dalili za mafuta. Lakini vita vya 1939 vikaja, na fedha na watu wakaitwa kwingine. Baada ya vita kazi ikalala. Baada ya uhuru zikaja fujo za serikali za Uganda, nayo ikazidi kulala. Katika miaka ya 1980 walianza kupima nchi kwa ndege, na mwaka 1990 Uganda na Zaire, yaani Kongo ya leo, zikapatana kwamba mafuta yatakayoonekana chini ya mpaka yatashughulikiwa na wote wawili. Hata mwaka 2006 kisima kiitwacho Mputa, karibu na ziwa katika wilaya ya Hoima, kikatoa mafuta ya kuweza kuuzwa. Visima vingine vikafuata. Hesabu iliyotangazwa na serikali ya Uganda ni mapipa kama bilioni 6.5 chini ya ardhi, na katika hayo yanayoweza kutolewa ni kama bilioni 1.4.

Mara ugomvi ukaja, kama nzi wajavyo penye asali. Mwaka 2007 kisiwa kidogo cha wavuvi kiitwacho Rukwanzi, kilicho ncha ya kusini ya ziwa, kikadaiwa na Uganda na Kongo pia. Katika Agosti mwaka huo risasi zilipigwa ziwani, na Mwingereza mmoja mtumishi wa kampuni ya kutafuta mafuta akauawa. Watu wakaogopa vita, nao upande wa Ituri katika Kongo walikuwa wametoka juzi tu katika mauaji makubwa ya Wahema na Walendu. Ndipo marais wawili, Museveni wa Uganda na Kabila wa Kongo, wakakutana katika nchi yetu, Ngurdoto karibu na Arusha, mwezi wa Septemba 2007, wakatia sahihi mapatano ya kupima mpaka upya na kulinda amani. Hili tunalitaja kwa furaha. Nchi isiyokuwa na pipa moja katika ziwa lile ndiyo iliyotoa meza na viti vya wapatanishi.

Lakini mafuta yaliyo katikati ya bara hayana faida mpaka yafike baharini. Kwanza Uganda ilifikiri kuyapitisha Kenya pamoja na mafuta ya Turkana, yaliyoonekana mwaka 2012. Mwaka 2016 ikachagua njia ya Tanzania. Bomba limepangwa kutoka Hoima mpaka Chongoleani, rasi ya Tanga, urefu wa kilomita 1,443, na katika hizo 1,147 zimo katika nchi yetu. Huzunguka Nyanza kwa upande wa magharibi na kusini, likapita Kagera, Geita, Shinyanga, Tabora, Singida, Dodoma na Manyara hata Tanga. Katika Agosti 2017 marais Magufuli na Museveni waliweka jiwe la msingi kule Tanga, na tarehe 1 Februari 2022 kampuni zikatangaza uamuzi wa mwisho wa kutoa fedha. Katika kampuni ya bomba, TotalEnergies ya Ufaransa ina sehemu 62 katika mia, shirika la Uganda 15, shirika letu la TPDC 15, na CNOOC ya China 8. Angalieni ajabu hii: maji ya kwetu hushuka kwenda kwao kwa kaskazini, na mafuta yao hulizunguka ziwa letu kwenda baharini kwa kusini.

Mafuta hayo yana tabia moja ya taabu. Yana nta nyingi, na yakipoa huganda kama samli asubuhi ya baridi. Kwa hiyo bomba zima lazima lipashwe moto, nyuzi 50 na zaidi, toka mwanzo hata mwisho. Ndiyo maana husemwa kuwa ndilo bomba refu kuliko yote duniani lenye kupashwa moto. Bomba la mafuta si jambo geni kwetu, kwani tangu mwaka 1968 bomba jingine limetoka Dar es Salaam likafika Ndola katika Zambia. Lakini lile halikuhitaji moto wa namna hii.

Sasa turudi kwa mtoto wetu na swali lake. Mtoto, mafuta yatokayo kisimani si petroli. Ni mafuta ghafi, meusi, na lazima yapikwe kiwandani ndipo yatoke petroli, dizeli na mafuta ya taa. Yapitayo katika bomba la Tanga ni ghafi, nayo yatapakiwa merikebuni kwenda kuuzwa mbali. Tena bei ya mafuta haipangwi na aliye jirani na kisima. Hupangwa na soko la dunia nzima. Wazee wetu walilijua jambo hili kwa uchungu katika miaka ya 1973 na 1974, wakati nchi za Uarabuni na wenzao zilipoinua bei ya pipa toka dola kama 3 hata kupita 11, na mwaka uo huo ukame ukapiga nchi yetu. Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa hapa karibu, Butiama, alilazimika kununua chakula na mafuta nje kwa wakati mmoja, kwa fedha ile ile chache iliyotokana na pamba, kahawa na katani. Mkulima wa pamba wa Bunda alilima vile vile, lakini marobota yake yalinunua mafuta machache kuliko mwaka uliotangulia. Basi ujirani haupunguzi bei.

Je, ujirani unafaa nini? Unafaa kazi, ushuru na nauli ya bomba, na mambo hayo si madogo. Lakini una gharama pia, na si haki kuificha. Watu wenye mashamba katika njia ya bomba, huku na kule Uganda, mali zao zilihesabiwa, wakaambiwa wasipande tena mazao ya kudumu. Kisha wengine walingoja miaka miwili au zaidi kabla ya kulipwa. Mkulima yeyote wa Mugeta aelewa maana yake: miaka miwili bila kujua kama upande mhogo au uhame. Baadhi ya visima vimechimbwa ndani ya hifadhi ya Murchison Falls, penye tembo na twiga, nasi tukaao kando ya Serengeti twajua hifadhi ni nini kwa wenye nchi. Wavuvi nao huogopa mafuta yasimwagike ziwani, maana samaki ndiye shamba lao. Mambo haya yamefikishwa mbele ya mahakama za Ufaransa, na Bunge la Ulaya liliyajadili mwaka 2022. Wenye kampuni na serikali wamejibu kwamba fidia imelipwa na ulinzi umewekwa. Sisi hatukuwekwa kuwa mahakimu. Lakini twasema kwamba mwenye shamba ana haki ya kujua siku ya malipo yake kabla jembe lake halijazuiwa.

Na sasa ile chumvi. Katika pwani moja ya Mwitanzige Mungu ameweka mali mbili. Mafuta ni mengi na yana fedha nyingi. Lakini wenye kazi hiyo wenyewe hukadiria kwamba yatatolewa kwa miaka kama 25, kisha visima vitapungua. Chumvi ni kidogo, na aifanyaye hatajiriki. Lakini imelisha vizazi kwa miaka 700, kwa sababu kila jioni mwanamke wa Kibiro huurudisha udongo mahali pake. Hatusemi chumvi ni bora kuliko mafuta, wala hatuwashauri Waganda waache visima vyao. Maskini haambiwi atupe dhahabu aliyoiokota. Twasema hivi: mali isiyorudi huhitaji kugeuzwa kuwa mali irudiyo. Fedha ya mafuta ikiwa shule, barabara, hospitali na mashamba mazuri, itakuwa kama udongo wa Kibiro, itafaa kesho tena. Ikiliwa tu, wajukuu watabakiwa na bomba tupu ardhini.

Nasi hapa tunao mfano wetu. Dhahabu ya Buhemba, isiyo mbali nasi, ilichimbwa zamani za wakoloni, ikachimbwa tena baada ya uhuru. Pitieni pale mkajiulize wenyewe: katika dhahabu yote iliyotoka, ni ipi iliyorudishwa kiwanjani? Swali hilo twamwachia kila msomaji, na hasa wale waketio katika mabaraza ya vijiji vyetu. Na mtoto aliyetuuliza lake, twamshukuru.